Mguu mmoja wa kamera ndogo: Ya kupima kabla ya kununua

KAMERA ndogo ya dijitali hupiga picha safi mchana wa jua kali bila kuhitaji msaada wowote. Matatizo huanza jua linapotua. Bibi harusi akiingia ukumbini saa moja jioni, mzee akikabidhiwa usinga chini ya mti wenye kivuli kizito, au mwanafunzi akipokea cheti katika bwalo lenye taa mbili tu, picha inayotoka huwa na ukungu, sura za watu zikiwa zimetandazika kana kwamba zimemwagiwa maji. Shughuli kama hizo hazirudiwi. Aliyealikwa kupiga picha kwa malipo hulazimika kuwaeleza wenye shughuli ni kwa nini hakuna hata picha moja inayofaa kuwekwa kwenye fremu.

Mara nyingi lawama huelekezwa kwa kamera, na mwenyewe huanza kuulizia nyingine yenye megapikseli nyingi zaidi. Fedha hizo hupotea bure, kwa kuwa tatizo aghalabu huwa mkononi. Megapikseli zikiongezeka huuonyesha mtikisiko wa mkono kwa uwazi zaidi.

Kamera ndogo hutikisika kuliko kubwa kwa sababu mbili. Kwanza ni nyepesi mno. Nyingi huwa na uzani wa kati ya gramu 130 na 300, na kitu chepesi hufuata kila mpigo wa mshipa. Pili, nyingi hazina kitundu cha kuchungulia kwa jicho. Anayezitumia hutazama kioo cha nyuma huku amenyoosha mikono mbele, ilhali mwenye kamera kubwa huibana yake kwenye paji la uso na kukaza viwiko mbavuni.

Wapigapicha wana kanuni ya zamani kuhusu jambo hili. Lenzi ikivutwa hadi kiwango kinacholingana na milimita 300 katika kamera za filamu ya milimita 35, shata haifai kukaa wazi kwa zaidi ya 1/300 ya sekunde iwapo kamera imeshikwa kwa mikono mitupu. Ukumbini jioni, kamera yenyewe huenda ikachagua 1/30 au hata 1/15. Njia nyingine ya kuepuka ukungu ni kupandisha kiwango cha ISO, lakini kihisi cha kamera nyingi za aina hii kina upana wa milimita 6 hivi tu, na ISO ikipanda picha hujaa chembechembe. Ni kweli kwamba nyingi zina uwezo wa ndani wa kutuliza mtikisiko. Uwezo huo husaidia, na kamera ikiwa juu ya mguu mmoja kwa kawaida huachwa ukiwa umewashwa, ila una kikomo chake.

Hapo ndipo monopodi inapofaa. Monopodi ni fimbo ya kukunjua yenye skrubu juu na kofia ya mpira chini, inayobeba kamera kwa mguu mmoja pale ambapo tripodi ingetumia mitatu. Inazuia kamera kupanda na kushuka, na kwa kiasi fulani kuyumba upande. Watumiaji wenye uzoefu hukadiria kwamba inaruhusu shata kukaa wazi mara 4 hadi 8 zaidi ya inavyowezekana kwa mikono mitupu, yaani penye kuhitaji 1/60 ya sekunde, 1/15 huweza kutosha.

Kuna mambo ambayo haiwezi, na ni vyema mnunuzi ayajue mapema. Haisimami peke yake, kwa hivyo haifai kwa anayetaka kuiacha kamera na kukimbia akaungane na jamaa zake pichani. Haifai pia kwa picha za nyota au za taa za mji zinazodai sekunde nzima na zaidi. Aidha, haiwezi kumtuliza anayepigwa picha. Bibi harusi anayesakata ngoma kwa shata ya 1/15 atatoka na ukungu hata kama kamera imejengewa ndani ya simiti. Mguu hutibu mtikisiko wa kamera pekee.

Anayekwenda dukani leo hukutana na mkanganyiko wa jina. Tangu fimbo za selfi zilipoenea duniani mwaka 2014 hivi, wauzaji wengi huziita monopodi pia. Fimbo hizo zilitengenezwa kushikwa mkononi na kunyooshwa hewani zikiwa na rununu upande wa pili. Mirija yake ni myembamba kama antena ya redio, haina kofia ya maana chini, na ikielemewa hurudi ndani yenyewe. Mguu halisi wa kamera hutambulika kwa urahisi: ukisimamishwa sakafuni na kuegemewa, hausogei.

Na jaribio hilo ndilo la kwanza kufanywa papo hapo dukani, kabla ya kuuliza bei. Pingili zote zivutwe nje hadi mwisho, zifungwe, kisha mnunuzi aweke kiganja juu na kuegemea kwa uzito anaouweka kwenye bakora. Pingili yoyote ikiteleza, hata kidogo, mguu urudishwe rafuni. Hakuna haja ya kubishana na muuzaji anayedai kwamba kamera ni nyepesi na haitauelemea. Mpigapicha hukandamiza mguu kwa mikono yake ili utulie, na uzito huo ni mkubwa kuliko wa kamera yenyewe mara nyingi.

Baada ya uthabiti, linalofuata ni urefu wa mguu ukiwa umekunjwa, na hapa ndipo wengi hukosea. Huvutiwa na mguu mnene wenye pingili tatu uliokusudiwa kamera za wanahabari, wakaununua, kisha ukabaki nyumbani nyuma ya kabati kwa kuwa hautoshei popote. Mwenye kamera inayoingia mfukoni hatakubali kubeba chuma cha sentimita 60. Miguu midogo hukunjwa hadi sentimita 35 au 45, na mingi huwa na uzani wa kati ya gramu 300 na 500. Kipimo bora ni mkoba ambao mwenyewe huubeba kila siku. Aende nao dukani na kuujaribu.

Ufupi huo una gharama yake. Ili mguu mfupi urefuke hadi kifuani, sharti uwe na pingili 5 au 6, na kila pingili huwa nyembamba kuliko iliyo juu yake, kama fimbo ya kuvulia samaki. Ya chini kabisa huweza kuwa na unene wa kidole tu, na hiyo ndiyo inayopinda na kutetemeka. Kwa sababu hiyo, mwenye mguu wa aina hii huanza kuvuta pingili nene za juu na kuacha ile nyembamba ndani hadi ihitajike. Pingili nne ni wastani mzuri kwa asiyebanwa sana na nafasi.

Kuhusu kimo, mwenye kamera ya kioo cha nyuma ana bahati. Hahitaji mguu unaofika machoni. Sentimita 130 hadi 145 humtosha mtu wa kimo cha kawaida, kwa kuwa kioo husomeka vizuri kikiwa usawa wa kifua au kidevu. Atakayesimama kwenye mteremko ahesabu sentimita chache zaidi.

Makomeo ya pingili ni ya aina mbili. Yapo ya kubana kwa kishikizo, ambayo hufunguka haraka na huonekana wazi kama yamefungwa, lakini hunasa nguo na mikanda ya mikoba. Yapo pia ya kuzungusha, membamba na yasiyokwama mfukoni, ila mchanga ukiingia hukwaruza, na mwenye papara huweza kusahau moja bila kulikaza. Suala hili huamuliwa na mkono wa mtumiaji tu. Vivyo hivyo kwa alumini na nyuzi za kaboni: kaboni ni nyepesi na haipati baridi kali alfajiri, lakini kwa mguu mdogo tofauti huwa ni gramu chache, na bei yake ni vigumu kuitetea.

Sehemu isiyotazamwa na wengi ni skrubu. Kamera karibu zote, ndogo kwa kubwa, zina tundu chini linalopokea skrubu ya robo inchi yenye meno 20 kwa kila inchi. Baadhi ya miguu huja na skrubu nene ya inchi 3/8, ambayo haiingii katika kamera ndogo bila kipunguzio. Urefu wa skrubu nao una uzito. Vitabu vya maelezo vya kamera nyingi ndogo za Sony na Panasonic huonya dhidi ya skrubu yenye urefu wa milimita 5.5 au zaidi, kwa kuwa ikikazwa huweza kugonga ndani na kuharibu kamera. Katika kamera za bei nafuu tundu lenyewe huwa la plastiki. Likishatafunwa meno, hakuna fundi atakayelirudisha kwa gharama inayofaa. Kukaza kwa vidole viwili kunatosha.

Jambo jingine hugunduliwa kwa kuchelewa. Katika kamera nyingi ndogo, tundu hilo limewekwa kando ya mlango wa betri na kadi. Kichwa cha mguu kikiwa kipana, au kikiwa na kibao cha kufungua haraka, huziba mlango huo, na betri ikiisha katikati ya sherehe sharti kila kitu kifunguliwe. Hii ni sababu tosha ya kutonunua mguu bila kuwa na kamera yenyewe mkononi.

Kichwa si lazima. Kamera huweza kufungwa moja kwa moja juu ya mguu, lakini anayetaka kuigeuza wima ili apige picha ya mtu mmoja aliyesimama atalazimika kulaza fimbo yote ubavuni. Kichwa kidogo cha gololi huondoa taabu hiyo kwa gramu chache za ziada. Wenye rununu nao huweza kuutumia mguu huo huo kwa kuongeza kibanio chenye tundu la robo inchi.

Inaweza kuulizwa kama kamera zenyewe bado zipo. Takwimu za CIPA, chama cha watengenezaji kamera cha Japani, zinaonyesha kwamba kamera zenye lenzi isiyong'oka zilizopelekwa sokoni mwaka 2008 zilikuwa takriban milioni 110, na mwaka 2023 hazikufika milioni 2. Rununu ilizimeza. Hata hivyo, zile za kuvuta mbali bado zina kazi, hasa mbugani, na nyingine nyingi zinazunguka kama mitumba, huku vijana wa miaka hii wakizitafuta upya.

Mbugani mguu mfupi una nafasi ya pekee. Katika mbuga ya Nairobi au ya Masai Mara wageni hawaruhusiwi kushuka garini ila mahali palipotengwa, na tripodi haina pa kutanua miguu kati ya viti. Mguu mmoja hufunguliwa pingili mbili tatu na kusimamishwa juu ya kiti au pajani. Usiwekwe sakafuni, kwani hapo hupokea kila hatua ya abiria. Dereva naye aombwe azime injini; mngurumo wake hupanda kupitia fimbo hadi kwenye lenzi, na simba aliye umbali wa mita 80 hutoka na kingo mbilimbili. Uwanjani, kwa mfano Kasarani, mguu humsaidia mpigapicha kugeuka taratibu akimfuata mwanariadha bila kamera kupanda na kushuka. Kwenye umati, wengine huukunja nusu, wakaweka saa ya kamera kwa sekunde 10 na kuuinua juu ya vichwa vya watu. Anayefanya hivyo atazame kwanza kama hakuna nyaya za umeme.

Majumba ya makumbusho yana sheria zake. National Gallery ya London, mathalani, ilipiga marufuku fimbo za selfi mwaka 2015 kwa kuziweka kundi moja na tripodi, na walinzi wengi hawatofautishi fimbo na fimbo. Ni heri kuulizia langoni kuliko kunyang'anywa ndani.

Asiye na fedha za mguu hajakosa njia. Bolti fupi ya robo inchi yenye meno 20 hufungwa kamba isiyonyumbuka, bolti ikaingizwa kwenye tundu la kamera, na ncha ya kamba ikakanyagwa kwa mguu. Kamera ikivutwa juu hadi kamba ikaze, mtikisiko wa kupanda na kushuka hupungua kwa kiasi cha kushangaza, na chombo chote huingia mfuko wa shati. Fundi wa jua kali pia anaweza kuichomeka bolti hiyo kwenye kichwa cha bakora. Tahadhari ni moja. Bolti ya M6, ambayo inapatikana kwa wingi madukani, inafanana nayo sana lakini si yenyewe. Ina kipenyo cha milimita 6 dhidi ya 6.35, na nafasi kati ya meno yake ni tofauti. Huingia mizunguko miwili kana kwamba inafaa, kisha ikalitafuna tundu. Kwa hivyo ni bora kwenda dukani na skrubu ya tripodi ya kulinganishia.

Kwa wakazi wa Pwani na wanaozuru Lamu au Watamu, adui ni chumvi na mchanga. Mguu uliosimamishwa ufuoni hauvutwi ndani ukiwa na mchanga kwenye mirija, kwani punje moja hukwaruza pingili zote. Hufunguliwa wote, ukaoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na kuachwa kivulini hadi ukauke kabla ya kukunjwa.