Lofti za SoHo: nyumba zilizoanza kwa kujificha

Dalali wa New York anayempeleka mteja kwenye lofti ya mtaa wa SoHo, yaani ghorofa ya ghala au karakana iliyogeuzwa nyumba, haanzi na vyumba vya kulala. Anaanza na nguzo. Ni za chuma cha kusubu, zimesimama mstari mmoja katikati ya ukumbi, na juu zimepambwa majani ya Kikorintho. Halafu huja madirisha yanayokaribia kugusa dari, matofali yasiyopigwa plasta, na lifti inayofungukia ndani ya nyumba yenyewe. Mteja anaambiwa jengo ni la "kabla ya vita", yaani Vita Kuu ya Pili, na katika soko la jiji lile maneno hayo peke yake ni pesa.

Katika vitu hivyo, hakuna kilichowekwa kwa ajili ya kumfurahisha mkaaji, kwa sababu mkaaji hakuwepo. SoHo, kusini mwa Houston Street kisiwani Manhattan, ilipata sura yake katika nusu ya pili ya karne ya 19 kama mtaa wa maghala, maduka ya jumla na karakana. Biashara kubwa ilikuwa vitambaa, na vingi vilitoka viwanda vya New England, kulekule ilikofumwa ile merikani iliyotamba Unguja na bara.

Chuma kilipendwa kwa hesabu za biashara. Kipande kilisubiwa kwenye kalibu kiwandani, kikaletwa kwa mkokoteni, kikafungwa kwa bolti. Mwenye jengo aliweza kuchagua nguzo na matao kwenye katalogi ya mwenye kiwanda Daniel Badger kama mtu anayechagua kanga dukani. Kikishapakwa rangi ya jiwe, mpita njia hakung'amua kitu. Tena nguzo nyembamba ya chuma hubeba uzito ambao ukuta wa matofali ungeuhitajia unene mkubwa, kwa hiyo nafasi iliyookolewa ikawa dirisha. Taa za zama zile zilikuwa za gesi, na mnunuzi wa kitambaa alitaka kuiona rangi kwa mwanga wa jua.

Anayetaka mfano asimame nambari 488 Broadway, kwenye kona ya Broome Street. Jengo lile la mwaka 1857 lilikuwa duka la E. V. Haughwout, muuza vyombo vya kaure na vioo, aliyekuja kumuuzia Mary Lincoln, mke wa Rais, vyombo vya mezani vya Ikulu. Humo ndimo fundi wa lifti Elisha Otis alimofunga lifti yake ya kwanza ya kupandisha watu dukani, ikiendeshwa kwa mvuke. Duka lilikuwa na ghorofa tano tu, na wateja walipanda kushangaa kama walivyopanda kununua.

Karne iliyofuata biashara kubwa ilihamia kaskazini mwa jiji. Nyuma zikabaki karakana za nguo za ndani, masanduku ya karatasi, matambara na midoli. Uso ulikuwa chuma, lakini boriti na sakafu nyingi zilikuwa mbao zilizokunywa mafuta ya mashine kwa miongo. Zimamoto waliupa mtaa jina la Ekari Mia za Jehanamu. Februari 1958, ghala moja la Wooster Street liliungua na kuporomoka, likaua watu sita waliokwenda kuuzima moto.

Juu ya hayo Robert Moses, mtu aliyelichora upya jiji kwa barabara na madaraja, alitaka kupitisha barabara kuu ya juu kwa juu katika Broome Street. Mpango ulining'inia kwa miaka mingi hadi ulipozikwa 1969, baada ya upinzani ambao mwandishi Jane Jacobs alikuwa sauti yake kubwa. Katika miaka hiyo yote, nani angekarabati jengo linalosubiri kubomolewa? Wenye majengo waliacha paa livuje na wakampangisha yeyote aliyekuja na kodi.

Waliokuja ni wachoraji na wachongaji. Walitaka nafasi, na ghorofa moja ya SoHo kwa kawaida ni ukumbi wa futi 25 kwa 100 usio na ukuta wa kati. Sheria iliruhusu kazi tu; kulala ilikuwa kosa. Kwa hiyo kitanda kilifichwa mchana, madirisha yakafunikwa usiku ili mkaguzi asione taa, na takataka za jikoni zikatolewa kwa siri, maana gari la taka la jiji halikupita kwenye viwanda. Jioni karakana zikifungwa, mvuke wa kupasha joto nao ulizimwa, hata katikati ya Januari. Mwaka 1961, baada ya wasanii kutishia mgomo, jiji lilikubali kibao kidogo mlangoni chenye herufi A.I.R. (Artist in Residence) na nambari ya ghorofa, ili zimamoto wajue kuna msanii ndani.

Mtu wa ajabu kuliko wote alikuwa George Maciunas, mzaliwa wa Lithuania na mwasisi wa kundi la sanaa la Fluxus. Mwaka 1967 alianzisha ushirika wa wasanii nambari 80 Wooster Street, kisha mingine, akigawa ghorofa kwa wenzake bila kujali sana vibali. Mwanasheria Mkuu wa jimbo alipoanza kumtafuta, alifunga visu vya mashine ya kukatia karatasi kwenye mlango wake. Mwaka 1968 mchongaji Donald Judd alilinunua jengo zima la nambari 101 Spring Street, la mwaka 1870, kwa dola 68,000. Aliondoa takataka, akaipa kila ghorofa kazi yake, na nafasi akaiacha wazi. Lofti zinazopigwa picha magazetini leo, nyingi zinamwiga yeye. Jengo lake lilikarabatiwa na kufunguliwa kwa umma mwaka 2013.

Hadithi ya SoHo husimuliwa mara nyingi kana kwamba wasanii waliokota mtaa uliotupwa. Huo ni ukweli nusu. Mtaalamu wa mipango miji Chester Rapkin alipouchunguza mtaa huo mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuta maelfu ya ajira hai, nyingi zikishikwa na watu weusi na Wapuertoriko. Ripoti yake ilisaidia kuzuia ubomoaji, ila viwanda havikupona. Kila karakana iliyofungwa, lofti ilizaliwa, na walioshona nguo za ndani humo hawakubakiwa hata na kibao ukutani.

Mwaka 1971 jiji lilihalalisha makazi ya SoHo, lakini kwa msanii aliyethibitishwa na idara ya utamaduni tu. Mwaka 1973 mtaa ulitangazwa eneo la kihistoria. Hapo anastahili kutajwa Margot Gayle, mwanaharakati wa ulinzi wa majengo hayo, aliyewagawia wafuasi wake sumaku ndogo ili waijaribu kuta barabarani: ikinata ni chuma, isiponata ni jiwe. Ulinzi huo uliokoa majengo ukaongeza na bei. Nyuma ya majumba ya sanaa, kama la Paula Cooper la mwaka 1968, yalifuata maduka ya fasheni na watu wa benki. Wengi walinunua lofti bila kuwa wasanii, na jiji likafumba macho.

Kanuni mpya zilizopitishwa Desemba 2021 zilimfungulia asiye msanii mlango wa kuhalalisha lofti ya aina hiyo, kwa kulipa ada ya dola 100 kwa kila futi ya mraba kwenye mfuko wa sanaa. Kwa ukumbi wa futi 25 kwa 100, hiyo ilikuwa dola 250,000, zaidi ya mara tatu ya pesa alizotoa Judd kwa jengo zima.