Kutenga ili Kulinda

Kutenga kitu kimoja ili kisidhuru vingine ni hekima ya zamani. Mfugaji mwangalifu akinunua mbuzi asiyeijua afya yake, hamchanganyi na kundi siku ile ile. Humfunga peke yake, akamtazama kwa siku kadhaa. Mbuzi hula na kunywa kama wenzake, lakini akiwa na maradhi, maradhi hayo hukoma pale alipo. Hekima hiyo imetumiwa na mafundi juu ya kompyuta, na serikali nazo zimeitumia juu ya watu. Historia ya Lodwar na Kakuma yatuonyesha mahali inapofaa na mahali isipofaa.

Zama za ukoloni Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa. Mgeni hakuingia pasipo kibali. Mwaka 1953, baada ya hukumu ya Kapenguria, Jomo Kenyatta na wenzake walipelekwa gerezani Lokitaung, kaskazini ya Lodwar. Kifungo cha Kenyatta kilipokwisha mwaka 1959 hakuachiliwa, bali alihamishiwa Lodwar chini ya amri ya kuzuiwa, akakaa huko mpaka 1961. Serikali ilidhani kwamba mtu akitengwa, fikira zake hutengwa pamoja naye. Lakini Juni 1958 barua ya wafungwa wa Lokitaung ilikwisha kutokea katika gazeti la Observer la London, na mwezi huo huo Oginga Odinga aliwataja Kenyatta na wenzake katika Baraza la Kutunga Sheria kuwa viongozi wa watu. Machi 1961 wajumbe wa KANU na KADU walisafiri mpaka Lodwar kuonana na Kenyatta. Agosti mwaka huo alikuwa huru. Jangwa lilikuwa ukuta mpana, ila ukuta ule ulikuwa na milango ambayo mlinzi hakuihesabu.

Sasa tuitazame kompyuta. Programu ni mfululizo wa amri ambazo mashine huzitii. Kwa desturi ya zamani, programu iliyofunguliwa na mtu ilipata uwezo wote wa mtu huyo: faili aliyoweza kuisoma au kuifuta, nayo iliweza. Novemba 1988 programu iliyoandikwa na Robert Morris, mwanafunzi wa Marekani, ilijisambaza yenyewe katika mtandao, ikalemaza maelfu ya kompyuta. Ulimwengu ukaona jinsi mgeni mmoja awezavyo kuusumbua mji mzima.

Mafundi walikuwa wamekwisha kuanza kujenga kuta. Mwaka 1979 mfumo wa Unix ulipata amri iitwayo chroot, ambayo huionyesha programu sehemu moja tu ya faili, nayo ikadhani kwamba hiyo ndiyo dunia yote. Hata hivyo, programu yenye mamlaka ya msimamizi mkuu iliweza kutoroka. Mwaka 2000 mfumo wa FreeBSD ukaleta ukuta imara zaidi, kazi ya Poul-Henning Kamp wa Denmark, nao wakauita kwa neno lao lenye maana ya jela. Programu iliyomo humo haizioni zile zilizo nje. Mfumo wa Android, uliotokea katika simu mwaka 2008, huipa kila programu nambari yake, kana kwamba kila moja ni mtumiaji mwingine. Ikitaka picha, kamera au majina ya rafiki zako, sharti iombe, na mfumo hutazama kama imeruhusiwa.

Jambo hili si la mbali. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992. Mwaka 2015 Shirika la Chakula Duniani lilianza huko mpango wa Bamba Chakula, ambao sehemu ya posho ililipwa kwa njia ya simu. Basi simu ikawa ghala. Mtu atiaye mchezo asioujua asili yake katika simu ya namna hiyo amemlaza mgeni karibu na ghala la watoto wake. Programu zikitengwa vema, mchezo utachezwa na ghala litasalimika. Lakini kiini cha mfumo kikiwa na ufa, au mwenye simu akikubali kila ruhusa aombwayo bila kuisoma, ukuta haufai kitu. Kosa lake ni lile la mlinzi asiyehesabu milango.

Tusichanganye, hata hivyo, mambo mawili yasiyofanana. Programu haina haki. Kuinyima kila kitu mpaka ithibitike si dhuluma. Binadamu ana haki. Kwa miaka mingi mkimbizi wa Kakuma alihitaji kibali ili atoke kambini, kama vile mgeni wa zamani alivyokihitaji ili aingie Turkana. Kijana ajifunzaye kazi ya kompyuta ajenge kuta nene kati ya programu na programu, na azichunguze kila mara. Akiwa siku moja mtawala, akumbuke kwamba waliozuiwa Lodwar hawakuwa maradhi ya nchi, na mmoja wao ndiye aliyeiongoza Kenya katika uhuru mwaka 1963.