Vumbi Jeupe la Tabaka

Kufikia saa nne asubuhi, mchongaji wa Tabaka huwa ameshazeeka. Nyusi nyeupe, ndevu nyeupe, hata majani ya mgomba ulio nyuma yake yamepakwa unga. Jioni akinawa, ujana unarudi. Ule unga aliouvuta kwa pua ndio hautoki kwa maji.

Jiwe la Kisii, ambalo wengine huliita jiwe la sabuni, lina talki kwa wingi, madini yale yale yaliyosagwa miaka mingi kutengeneza poda ya watoto. Hakuna madini laini kuliko talki: ukucha unaikwaruza. Kwa ulaini huo Wagusii, wenyeji wa Kisii, walichonga bakuli na viko vya tumbaku muda mrefu kabla ya mtalii wa kwanza kufika. Karne ya 20 ikaleta soko la vinyago, na Tabaka, kusini mwa Kaunti ya Kisii nchini Kenya, ikageuka karakana ya kijiji kizima. Ndege wa amani aliyechongwa na Elkana Ong'esa alisafiri hadi makao makuu ya UNESCO jijini Paris.

Soko lilipokua, vumbi nalo likakua. Jiwe likitoka shimoni huwa na unyevu, na panga hulikata kama muhogo. Likikauka linakaza, na tupa ikiligusa linatoa unga. Chembe kubwa huanguka miguuni. Zile ndogo zisizoonekana huelea hewani kwa saa nyingi na kupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na zikiwa zimechanganyika na madini ya silika, mapafu huota makovu.

Kinga bora ilikuwa mikononi mwa wanawake, na haikubuniwa kama kinga. Wao ndio hasa wanaosugua vinyago kwa msasa ndani ya karai la maji, wakianza na ule wa kukwaruza na kumalizia na ule laini. Maji yalitafutwa kwa sababu ya urembo: ndiyo yanayofichua rangi ya waridi au ya kijivu iliyojificha kwenye jiwe. Kwamba yalikuwa yakilinda pia vifua, hiyo ilikuwa bahati.

Kwingine umeme ndio uliopunguza hewa chafu. London ilipofungua reli yake ya chini ya ardhi tarehe 10 Januari 1863, treni za mvuke zilijaza moshi ndani ya mahandaki. Matundu ya kupumulia yalisaidia kidogo tu. Nafuu kubwa ilikuja treni za umeme zilipoanza kushika nafasi ya zile za mvuke mwaka 1905, ingawa vumbi la chuma la magurudumu na breki limebaki huko hadi leo. Tabaka mambo yamekwenda kinyumenyume. Umeme ulipofika uliandamana na grainda, na grainda hukata jiwe kavu. Kazi ya siku nzima inakwisha kwa saa moja, ndani ya wingu jeupe.

Katika kaunti jirani ya Nyamira, vumbi la majani ya chai limo ndani ya kiwanda, chini ya paa moja, na mkaguzi anajua pa kubisha hodi. Lakini karakana ya mchongaji ni kivuli cha mparachichi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamhusu hata anayejiajiri, ila ni mkaguzi gani atakayezunguka miparachichi yote? Mwezi Julai 2024, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka talki katika kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa vinasababisha saratani. Huku Tabaka wachongaji wengi bado wanajifunga kitambaa puani, wengine hata hicho hawana.

Jua likizama, maji ya karai yamekuwa mazito kama uji. Yanamwagwa njiani. Kesho saa nne yatakuwa yamekauka, na bodaboda ya kwanza itayapandisha tena hewani.