Mapishi ya Kila Siku katika Dzaleka na Lilongwe

Chakula cha kila siku katika makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa nchini Malawi, na katika mitaa ya Lilongwe iliyo zaidi ya kilomita 40 kusini yake, ni ugali na kitoweo chake, na kitoweo hicho aghalabu ni majani, maharagwe au dagaa. Nyama huja kwa nasibu na kwa sikukuu. Makazi hayo, ambayo hapo zamani yalikuwa gereza la wafungwa wa siasa wa utawala wa rais Kamuzu Banda, yalifunguliwa mwaka 1994 yakikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000, nayo sasa yana zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, ambao Kiswahili ndicho lugha ya soko lao, na ambao walikuja kila mmoja na mkono wake wa kupika wakakuta viungo walivyovizoea havipo, au vipo kwa bei isiyogusika. Upishi uliotokana na upungufu huo ni elimu kamili, wala haustahili kudharauliwa kwa jina la chakula cha dhiki.

Ugali, ambao wenyeji huuita nsima, hupikwa Malawi kwa utaratibu usiovumilia haraka: kwanza hukorogwa uji mwepesi na kuachwa utokote barabara, ndipo unga uliobaki hutiwa kidogo kidogo na kusongwa kwa mwiko, kisha huchotwa kwa chombo kilicholowanishwa maji na kupangwa, tonge juu ya tonge, sahanini. Unga wenyewe ni wa namna mbili. Ule mweupe hutoka katika mahindi yaliyokobolewa, yakarowekwa, yakaanikwa na ndipo yakasagwa. Mgaiwa, ambao Mtanzania angeutambua mara moja kuwa ni dona, husagwa punje nzima pamoja na ganda lake na kiini chake. Watu wengi huona fakhari kumwandalia mgeni ugali mweupe, na dasturi hiyo ina heshima yake. Lakini kwa mwenye watoto wengi na fedha haba, mgaiwa ndio bora bila shaka, kwa kuwa debe lile lile la mahindi hutoa unga mwingi zaidi, na kile kinachoondolewa katika kukoboa ndicho chenye mafuta na sehemu kubwa ya vitamini za punje. Wakongo nao huchanganya unga wa mahindi na wa muhogo, wakapata ugali unaovutika, ambao mtu aliyelelewa Kivu au Katanga hawezi kujiona ameshiba bila yake.

Katika vitoweo, sombe ndiyo iliyosafiri mbali kuliko vyote. Ni majani machanga ya muhogo, yale ambayo pwani huitwa kisamvu na Malawi chigwada, nayo yana asili ya sumu ya sianidi, ambayo hutoka kwa kutwangwa sana na kuchemshwa kwa muda mrefu. Kwa hiyo mpishi anayefupisha kazi ya kinu kwa uvivu huhatarisha afya ya walaji wake. Nyumbani Kongo na Burundi sombe hutaka mawese, lakini mchikichi si mti wa nyanda hizi za Malawi ya kati, na mawese yafikayo sokoni ni ghali. Hapo ndipo wapishi walipojifunza kwa jirani zao Wachewa kutia nsinjiro, yaani unga wa karanga, ambao Mmalawi huutia katika majani ya maboga, ya viazi vitamu na ya mchicha. Kitoweo hicho si sombe ya Uvira tena, wala si chigwada ya Dowa, nacho ni kitamu kwa haki yake.

Mabadiliko kama hayo yamewapata dagaa. Mrundi aliyezoea ndagala wa Ziwa Tanganyika huwakuta Lilongwe usipa wa Ziwa Malawi, samaki mdogo vile vile, mwenye kung'aa vile vile, ila kwa nasaba ni wa jamii nyingine kabisa, kwani ndagala ni ndugu wa saradini na usipa ni wa ukoo wa kapu. Huoshwa kwa maji ya moto kuondoa mchanga, wakakaangwa kavu mpaka harufu igeuke, kisha nyanya na kitunguu vikafuata.

Lakini ghali zaidi ya vyote ni moto. Lilongwe na Dzaleka hupika kwa kuni na mkaa, na athari yake ni dhahiri katika Dzalanyama, msitu wa hifadhi kiliko chanzo cha mto Lilongwe, ambao umekatwa vibaya mno. Maharagwe, ambayo huhesabiwa kuwa chakula rahisi, yaweza kula mkaa wa thamani kubwa kuliko yenyewe, na hesabu hiyo ndiyo inayosahauliwa na wale wanaowausia maskini wale maharagwe. Mpishi mwenye hadhari huyaloweka usiku kucha, akamwaga maji yale, akayachemsha kwa nguvu, kisha akakifunga chungu kwa blanketi au kukizika katika kikapu chenye nguo kuukuu, yakaendelea kuiva kwa joto lake yenyewe. Huko kuchemka kwa nguvu, kusikopungua dakika 10, si jambo la hiari, maana maharagwe mekundu yasiyochemka sawasawa huumiza tumbo.

Mgao wa mahindi na kunde uliokuwa ukitolewa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani uligeuzwa katika miaka ya karibuni kuwa fedha, jambo lililowapa watu uhuru wa kuchagua na wakati huo huo likawaweka chini ya hukumu ya soko. Novemba 2023 kwacha ilishushwa thamani kwa asilimia 44, na mwaka uliofuata ukame wa El Niño ukaharibu mavuno. Mafuta ya kupikia yakawa anasa, na nyumba nyingi zikarudi kwenye kuchemsha.

Wali ni wa siku njema. Mchele unaosifiwa kwa harufu yake mjini huitwa Kilombero, kwa jina la bonde la Tanzania, ingawa hulimwa Karonga, Malawi.

Vyakula vya njiani vina wapenzi wengi: mandazi ya alfajiri, na viazi vya Dedza na Ntcheu vikaangwavyo katika bati pana liitwalo chiwaya, vikaliwa kwa chumvi na kabichi mbichi. Zitumbuwa ndizo zinazofaa zaidi kwa mtaji mdogo. Ndizi zilizoiva kupita kiasi, ambazo mwenye genge huziuza kwa bei ya kutupa, hupondwa, zikachanganywa na unga wa mahindi, chumvi na hamira ya unga kidogo, zikadondoshwa kwa kijiko katika mafuta ya moto. Utamu wa ndizi hutosha, hata sukari haihitajiki.