Mathias Kiwanuka

Mathias Kiwanuka (alizaliwa Indianapolis, Indiana, Marekani, 8 Machi 1983) ni mchezaji wa zamani wa futiboli ya Marekani mwenye asili ya Uganda. Alicheza katika mstari wa mbele wa ulinzi wa timu ya chuo kikuu cha Boston College (2002–2005), halafu katika timu ya New York Giants ya ligi ya kulipwa ya NFL (2006–2014). Akiwa na Giants alipata ubingwa wa Super Bowl mara mbili. Ni mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda.

Familia

Babu yake, Benedicto Kiwanuka, alikuwa mwanasheria na kiongozi wa chama cha Democratic Party. Chama chake kilishinda uchaguzi wa mwaka 1961, naye akawa waziri mkuu Uganda ilipopata serikali ya ndani tarehe 1 Machi 1962. Mwezi uliofuata chama chake kilishindwa katika uchaguzi mwingine, na nafasi hiyo ikachukuliwa na Milton Obote. Mwaka 1971 Idi Amin alimteua kuwa jaji mkuu. Tarehe 21 Septemba 1972 askari walimkamata akiwa Mahakama Kuu mjini Kampala, akauawa.

Mathias alizaliwa zaidi ya miaka 10 baada ya kifo hicho, katika nchi ambako wazazi wake walihamia. Hakumwona babu yake. Hata hivyo, jina la ukoo alilovaa mgongoni kwa miaka yote ya michezo ni jina ambalo kila mwanafunzi wa historia nchini Uganda hulikuta kitabuni. Alisoma sekondari katika shule ya Kikatoliki ya Cathedral mjini Indianapolis, na huko ndiko alikoanza kujulikana kama mchezaji.

Kazi ya wachezaji wa mstari wa mbele

Ili kuelewa maendeleo ya Kiwanuka ni lazima kuelewa kazi yenyewe. Katika futiboli ya Marekani kila timu huwa na wachezaji 11 uwanjani. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusonga mbele yadi 10 (zaidi kidogo ya mita 9). Ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani.

Mchezaji anayeongoza mashambulizi huitwa kotabeki. Yeye hupokea mpira na kuurusha kwa mwenzake au kumkabidhi mkononi. Mbele yake husimama watu watano wenye miili mikubwa, yaani mstari wa mbele wa ushambuliaji: mmoja wa katikati anayeanzisha mchezo kwa kumrudishia kotabeki mpira, wawili kando yake, na wawili wa pembeni. Kwa kawaida watu hawa hawagusi mpira baada ya mchezo kuanzishwa, wala hawafungi. Kazi yao ni kumlinda kotabeki na kuwafungulia njia wakimbiaji.

Kiwanuka alisimama upande wa pili. Alikuwa mlinzi wa pembeni, ambaye kazi yake ni kumshinda mzuiaji aliye mbele yake na kumwangusha kotabeki kabla hajarusha mpira. Pambano lote huchukua sekunde chache tu. Nguvu peke yake hazitoshi: mchezaji hufundishwa hatua ya kwanza ya mguu, matumizi ya mikono, na kuinamisha mwili ili asisukumwe juu. Ndiyo maana vijana wa nafasi hizi, wa mstari wa ushambuliaji na wa ulinzi pia, huchukua muda mrefu kukomaa kuliko wakimbiaji.

Boston College

Nchini Marekani timu za vyuo vikuu ndizo zinazolisha ligi ya kulipwa. Mchezaji haruhusiwi kuingia NFL kabla ya kupita miaka mitatu tangu amalize sekondari. Kwa sababu hiyo kijana wa miaka 18 hutumia chuo kama darasa na kama uwanja wa kujengwa mwili.

Kiwanuka aliingia Boston College, chuo cha Wajesuiti katika jimbo la Massachusetts, mwaka 2001. Mwaka huo wa kwanza hakucheza mechi. Utaratibu huu ni wa kawaida kwa wachezaji wa mstari wa mbele: mwanafunzi hufanya mazoezi na timu, huongeza uzito na kujifunza, lakini misimu yake minne ya kucheza hubaki kamili.

Kuanzia 2002 idadi ya makotabeki aliowaangusha ilikuwa kama ifuatavyo (nusu huhesabiwa wachezaji wawili wanapomwangusha kotabeki pamoja):

2002: 5
2003: 11.5
2004: 11.5
2005: 9.5

Jumla ya 37.5 ilikuwa rekodi mpya ya chuo hicho. Mwaka 2004 alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa ulinzi wa shirikisho la Big East. Katika misimu yake yote minne Boston College ilishinda mechi yake ya mwisho wa msimu, zile zinazoitwa mechi za bowl.

Baada ya msimu wa 2004 angeweza kuingia katika ligi ya kulipwa. Aliamua kubaki chuoni mwaka mmoja zaidi. Uamuzi wa namna hiyo una faida na hatari: mchezaji huongeza ujuzi na kuendelea na masomo, lakini jeraha moja au msimu wa wastani unaweza kumshusha thamani.

Kuchaguliwa na matarajio

Kila mwaka timu za NFL huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Mwezi Aprili 2006 New York Giants walimchagua Kiwanuka akiwa wa 32, yaani wa mwisho katika raundi ya kwanza. Mchezaji wa raundi ya kwanza hutarajiwa kuanza kucheza mapema. Hata hivyo Giants tayari walikuwa na walinzi wa pembeni watatu hodari: Michael Strahan, Osi Umenyiora na Justin Tuck. Basi Kiwanuka alikuwa na cheo cha mtu wa kutegemewa bila kuwa na nafasi ya kudumu. Hali hiyo ilimfuata karibu maisha yake yote ya kulipwa.

Tukio la Nashville

Tarehe 26 Novemba 2006 Giants walikuwa wakiongoza 21–0 dhidi ya Tennessee Titans robo ya nne ilipoanza. Titans walirudisha pointi 14. Zikiwa zimebaki chini ya dakika tatu, walikuwa katika nafasi yao ya nne na ya mwisho, wakihitaji yadi 10. Kiwanuka alimkamata kotabeki Vince Young mikononi. Angemwangusha, mpira ungekuwa wa Giants.

Alimwachia. Baadaye alieleza kwamba alidhani Young alikwisha kurusha mpira, naye hakutaka kuadhibiwa. Sheria humwadhibu mlinzi anayemwangusha kotabeki aliyekwisha kuachia mpira, na timu yake hurudishwa nyuma yadi 15. Lakini Young alikuwa bado ameshika mpira. Akakimbia na kupata yadi zilizohitajika. Titans walisawazisha, kisha wakashinda 24–21 kwa teke la yadi 49 katika sekunde za mwisho.

Kosa hilo lilirudiwa mara nyingi kwenye televisheni, na kwa kijana wa mwaka wa kwanza lingeweza kuwa mwisho wa imani ya walimu wake. Haikuwa hivyo. Kocha Tom Coughlin aliendelea kumtumia, na alimaliza msimu akiwa amewaangusha makotabeki mara 4.

Mabadiliko ya nafasi na majeraha

Mwaka 2007 Giants walimhamishia mstari wa pili wa ulinzi ili apate nafasi ya kucheza. Huko mlinzi husimama nyuma ya wenzake, na pamoja na kushambulia hutakiwa kuwafuata wapokeaji wa pasi. Tarehe 18 Novemba 2007, katika mechi dhidi ya Detroit Lions, alivunjika mfupa wa mguu. Giants walipowafunga New England Patriots 17–14 katika Super Bowl ya 42, tarehe 3 Februari 2008, Kiwanuka alikuwa bado majeruhi.

Mwaka 2008 Strahan alistaafu na Umenyiora akaumia goti kabla ya msimu. Kiwanuka alirudishwa pembeni na kupata msimu wake bora, akiangusha makotabeki mara 8.

Mwaka 2010 alianza kwa kasi, mara 4 katika mechi tatu, kisha msimu wake ukaisha kutokana na jeraha la diski ya shingo. Kwa mchezaji anayegongana kila dakika, jeraha la shingo ni hatari kuliko la mguu. Alirudi mwaka 2011, tena katika mstari wa pili. Tarehe 5 Februari 2012 Giants waliwashinda Patriots kwa mara nyingine, 21–17, katika Super Bowl ya 46. Safari hii Kiwanuka alikuwa uwanjani, na mechi ilichezwa Indianapolis, mji aliozaliwa.

Aliendelea na Giants hadi walipomwachilia mwezi Machi 2015. Katika misimu tisa aliwaangusha makotabeki mara 38.5, zaidi kwa mara moja tu kuliko alivyofanya katika misimu minne ya chuo.