Kupotea kwa nguvu kwa vipindi katika gari la dizeli

Kupotea kwa nguvu kwa vipindi ni hitilafu ambayo injini ya dizeli, ingawa inawaka na kuunguruma kama kawaida, hushindwa kuvuta kwa muda, kisha hurudia hali yake njema pasipo kurekebishwa chochote. Madereva husema gari “halivuti” au “limekuwa zito”. Udhaifu wa kudumu, utokanao na kuchakaa kwa ringi za pistoni au nozeli, fundi huukuta wakati wowote anapopima. Huu wa vipindi hutoweka gari lifikapo gereji, ndiyo maana uchunguzi wake huanza kwa kuuliza hutokea lini kabla ya kuuliza kifaa gani kimeharibika.

Bonga, kata ya mji wa Babati mkoani Manyara, iko kando ya barabara kuu iendayo Kondoa na Dodoma. Lami ya Dodoma–Babati, yenye urefu wa kilomita 251 na ambayo kipande chake cha Mela–Bonga kina kilomita 88.8, ilizinduliwa rasmi Aprili 2018. Gari lililopakia mahindi au mbaazi likitoka hapo kuelekea kusini hukabili miinuko ya upande wa Bereko, na mwinuko mrefu wenye mzigo hufichua kasoro ambayo safari fupi za mjini haziioneshi. Hata hivyo, eneo la Babati liko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 10, na injini isiyo na turbo, yaani kifaa kinachozungushwa na moshi wa injini ili kisukumie hewa ndani ya silinda, hupungukiwa nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Mwenye Land Cruiser ya injini ya 1HZ aliyezoea kuiendesha Tanga hana sababu ya kufungua pampu kwa upungufu huo, ambao haujaletwa na ubovu wowote.

Moshi hugawanya tatizo mapema. Moshi mweusi mzito wakati gari halivuti humaanisha kwamba mafuta yapo ila hewa ya kuyaunguza haitoshi, hivyo hutazamwa filta ya hewa, mipira ya turbo na vali inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, ambayo ikinasa wazi huifanya injini ivute moshi wake yenyewe. Nguvu zikipotea bila moshi, ama mafuta hayafiki ama kompyuta ya gari imeyapunguza kwa makusudi.

Kutofika kwa mafuta ndiko kunakostahili kuchunguzwa kwanza, kwa kuwa vipimo vyake ni rahisi na chanzo chake ni cha kawaida. Kwenye tambarare injini hutumia mafuta kidogo, na filta iliyoziba nusu huitosheleza. Mlimani mahitaji hupanda, pampu huvuta kwa nguvu zaidi, na uchafu ulioko ndani ya tangi hunasa kwenye chujio la bomba la kuvutia. Dereva akizima injini na kungoja kwa dakika kadhaa, uchafu ule hudondoka na gari huondoka kana kwamba halikuwa na tatizo. Kitundu cha kupumulia cha kizibo cha tangi nacho kikizibwa na vumbi, mafuta hushindwa kuvutwa. Nguvu zikipotea, kizibo hufunguliwa papo hapo, na mlio wa hewa ikiingia kwa kasi ni ushahidi wa kutosha. Mpira uliopata ufa kati ya tangi na pampu ni mgumu zaidi kuubaini, kwa sababu injini inapofanya kazi huenda usidondoshe hata tone bali ukavuta hewa. Mafundi hodari huweka kwa muda kipande cha mpira angavu kabla ya pampu na kutazama mapovu yakipita.

Maji na uchakachuaji ni suala la pili la mafuta. Dizeli iliyokaa katika madumu na mapipa hupata maji kwa urahisi. Ikitolewa chini ya filta na kuachwa katika chupa safi usiku kucha, maji hujitenga na kutuama chini. Mafuta ya taa yanayochanganywa na dizeli kwa uchakachuaji hayajitengi hivyo, nayo hupunguza ulainishaji wa pampu, ambayo hulainishwa na dizeli yenyewe. EWURA, mamlaka ya Tanzania ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ilianza mwaka 2010 kuweka vinasaba, yaani kemikali ya utambulisho, katika mafuta ili kubaini uchakachuaji, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuyachanganya na dizeli kusiwe na faida.

Katika magari yenye reli, yaani bomba nene ambalo pampu hulijaza mafuta ya shinikizo kubwa kwa ajili ya nozeli zote, dalili muhimu ni gari kupona mara linapozimwa na kuwashwa. Hapo kompyuta iligundua kipimo kisichokubalika na kuingia katika hali ya kujilinda. Mashine ya kupimia husoma msimbo uliohifadhiwa, kwa mfano P0087 kwa shinikizo dogo la reli au P0299 kwa turbo isiyosukuma hewa ya kutosha. Lakini msimbo hutaja kipimo, si kifaa, na wapo walionunua pampu nzima ilhali kilichotakiwa ni filta. Kinachofaa ni msaidizi, si dereva, kurekodi mlimani shinikizo linaloagizwa na lile linalopatikana. Injini ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagiwa mafuta, reli huwa na takriban baa 300, na chini ya mzigo huweza kupita baa 1,300. Ndiyo sababu uvujaji hautafutwi kwa mkono, kwani mchirizi wa shinikizo hilo hupenya ngozi. Nguvu zikikatika gari linapopita kwenye matuta, hukaguliwa nyaya zilizosuguana na bodi pamoja na sensa ya pedali ya mafuta.

Hatimaye, yapo magari yasiyovuta ambayo injini zake ni nzima. Klachi inayoteleza huruhusu mizunguko ya injini kupanda pasipo mwendo kuongezeka, na breki iliyong'ang'ania huacha ringi ya tairi moja ikiwa na joto kali kuliko nyingine baada ya safari.