Beki Aliyezaliwa Mbandaka: José Bosingwa na Hesabu Mbovu ya Hasara ya Mpira wa Kongo

Katika mabishano ya mpira mjini Goma, jina la José Bosingwa hutolewa mfukoni na mtu anayetaka kuufunga mjadala. Alizaliwa Mbandaka tarehe 24 Agosti 1982, mama yake Mkongomani na baba yake Mreno. Akakulia Ureno, akachezea timu ya taifa ya Ureno, na tarehe 19 Mei 2012, mjini Munich, akaanza upande wa kulia wa ulinzi wa Chelsea usiku ambao klabu hiyo iliishinda Bayern kwa penalti na kutwaa Ligi ya Mabingwa. Basi, husema mwenye hoja, hicho ndicho Ulaya ilichotuibia. Makala haya yanadai kwamba haikutuibia kitu, angalau si kwa Bosingwa. Hasara halisi ya mpira wetu iko kwingine, na kumtaja yeye kila mara kunatusaidia kutoitazama.

Kwamba wachezaji wa Kiafrika huenda Ulaya kwa wingi na kwamba sehemu kubwa ya faida hubaki huko, wanazuoni hawagombani, nami sina la kuongeza. Ugomvi uko kwenye maelezo. Paul Darby ameielezea Ureno kama mfano wazi wa dola iliyoyageuza makoloni yake kuwa ghala la wachezaji, na ikaendelea kuchota humo hata baada ya uhuru. Sepp Blatter, alipokuwa rais wa FIFA, aliandika mwaka 2003 akizishutumu klabu kubwa za Ulaya kwa ukoloni mamboleo, na tangu hapo kauli hiyo imekuwa kama sala: inasomwa bila kuulizwa. Todd Cleveland, katika kitabu chake cha 2017 kuhusu wachezaji waliovuka himaya ya Ureno kati ya 1949 na 1975, amekwenda njia nyingine. Anawaonyesha watu waliopanga maisha yao wenyewe, waliotafuta mishahara, elimu na heshima, wala hawakusombwa tu.

Nampendelea Cleveland, lakini yeye na Darby wote wanazungumzia Angola na Msumbiji. Eusébio, Coluna na beki Hilário, waliozaliwa Msumbiji, walikuwa raia wa himaya iliyowachukua, na waliondoka wakiwa tayari wachezaji. Kongo haikuwa koloni la Ureno. Wareno wa Kongo walikuwa zaidi watu wa maduka na biashara za kando ya mto, na hao ndio waliopigwa, pamoja na Wagiriki na wengine, Mobutu alipotangaza tarehe 30 Novemba 1973 kwamba biashara za wageni zitapewa Wazairwa. Kuichukua nadharia iliyoshonwa kwa Lourenço Marques ya Msumbiji ya kikoloni na kuivisha Mbandaka, ati kwa sababu jezi ya mwisho ilikuwa ya Ureno, ni uvivu. Anayetaka kuieleza safari ya mtoto aliyezaliwa na baba Mreno na mama Mkongomani Zaire ya 1982 aanze na uchumi ulioporomoka baada ya 1973, si na maskauti wa Porto.

Tuje kwenye kazi yenyewe ya Bosingwa. Mpira wa mashindano alijifunzia Ureno. Akapitia Freamunde na Boavista, na mwaka 2003 akanunuliwa na Porto iliyokuwa chini ya José Mourinho. Hakufika pale kama beki wa kulia. Alikuwa kiungo, na Porto ndiyo iliyomsogeza pembeni mpaka akawa beki wa kupanda na kushuka. Kwa hiyo kile Chelsea ilichokilipia mwaka 2008, takriban euro milioni 20 kwa mujibu wa magazeti ya wakati ule, kilikuwa kimetengenezwa Ureno, na sehemu yake ya mwisho ilitengenezwa mchezaji akiwa mtu mzima. Baada ya hapo alipita Queens Park Rangers, ambako aliteremka daraja na timu mwaka 2013 kwa jina lililochafuka kidogo, kisha akaenda Trabzonspor ya Uturuki. Sehemu hiyo ya mwisho huwa haitajwi katika mabishano yetu. Hakuna anayesema tuliibiwa beki aliyekataa kukaa benchi.

Sasa hesabu. Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji zina kitu kinachoitwa mchango wa mshikamano. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hukatwa na kugawiwa klabu zote zilizomlea kati ya msimu wa kutimiza miaka 12 na ule wa kutimiza 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 una asilimia 0.25 ya ada, na kila msimu wa miaka 16 hadi 23 una asilimia 0.5. Kwa ada ya euro milioni 20, klabu iliyokaa na mtoto tangu miaka 12 hadi 17 inastahili euro 400,000. Mahali pa kuzaliwa hapamo katika kanuni hiyo. Kwa Bosingwa, Kongo ilistahili sifuri, na sifuri hiyo ilikuwa haki: hakuna klabu ya Kongo iliyompa hata msimu mmoja wa usajili. Aliyekuwa mwenzake wa timu ya taifa, Pepe, naye ni beki Mreno aliyezaliwa nje, Maceió ya Brazili; lakini yeye alilelewa na klabu ndogo ya Corinthians Alagoano kabla ya kwenda Marítimo mwaka 2001. Wote wawili ni Wareno wa pasipoti. Tofauti yao kwa mujibu wa kanuni ni kwamba miaka ya ujana ya mmoja ina mwenyewe nchini alikozaliwa, na ya mwingine haina.

Mtu wa kulinganisha naye kwa haki ni Chancel Mbemba, na hapa ndipo hoja ya wizi inapopaswa kusimama au kuanguka. Mbemba ni beki wa Kinshasa aliyeivaa jezi ileile ya Porto, kati ya 2018 na 2022, akatwaa nayo ubingwa wa Ureno mara mbili, na mwaka 2020 akafunga mabao yote mawili ya Porto katika fainali ya Kombe la Ureno dhidi ya Benfica. Tofauti na Bosingwa, yeye aliondoka Kinshasa akiwa mchezaji wa klabu, MK Etanchéité, kuelekea Anderlecht. Hapa Kongo ilikuwa na kitu cha kudai. Ilikuwa na nini cha kuonyesha?

Ilikuwa na tarehe kadhaa za kuzaliwa. Katika karatasi na taarifa mbalimbali zilitajwa 1988, 1991 na 1994, FIFA ikachunguza, na inayokubaliwa leo ni 8 Agosti 1994. Mjadala wote wa wakati ule ulihusu udanganyifu na vipimo vya mifupa. Simshtaki mtu, na jambo hilo halinihusu. Kinachonihusu ni kwamba dirisha la mshikamano huhesabiwa kutoka tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo tarehe ikihama, fedha nazo zinahama. Tuchukue mfano wa kukadiria: mchezaji aliyeondoka Kongo katikati ya 2012, akauzwa baadaye, baada ya kutimiza miaka 23, kwa euro milioni 10. Akiwa amezaliwa Agosti 1994, misimu yake sita ya kuhesabika ilipita nyumbani, na Kongo inadai asilimia 2 ya ada, yaani euro 200,000. Akiwa wa Novemba 1991, misimu ni tisa na dai ni 350,000. Akiwa wa Agosti 1988, misimu yote kumi na miwili ni yetu, 500,000. Mtu yuleyule, miguu ileile, na tofauti ya euro 300,000 inakaa ndani ya karatasi moja ya ofisi ya serikali. Katika hali hiyo klabu ya mtaani haina haja ya kuibiwa na Ulaya. Mdai mwenye tarehe tatu hana dai.

Ukitaka kuona tatizo hilo kwa karibu, omba daftari la kocha wa vijana Goma, mitaa ya Birere au Ndosho, popote pale watoto wanapocheza juu ya vumbi jeusi la volkano lililosagwa kutoka kwenye makoro. Utakuta majina ya utani: Ramos, Pepe, Mbemba wawili, mmoja mkubwa na mmoja mdogo. Kando ya jina kuna namba ya kiatu, kwa sababu viatu vinaazimwa, na pengine namba ya simu ya mama. Tarehe ya kuzaliwa haipo. Kocha anamjua kila mmoja, anajua nani anakula nyumbani na nani hali, na ujuzi huo wote hauna thamani mbele ya mfumo wa usajili. DC Virunga na Dauphins Noirs zimeufikisha mji huu katika Linafoot, ligi kuu ya taifa, lakini kwa ninavyoona leseni zinazopelekwa Lifnoki, ligi ya mpira ya Kivu Kaskazini, ni za kikosi cha kwanza. Mtoto wa miaka 12 anaonekana ni gharama. Kwa hesabu niliyoitoa, msimu wake wa kwanza tu, ada ikiwa euro milioni 20, una thamani ya euro 50,000.

Wapo watakaosema nimeligeuza taifa kuwa risiti. Uzawa, wanasema, una uzito wake, na Bosingwa ni wetu kwa damu ya mama. Hoja hii ina mvuto, na mimi naiogopa. Katiba ya 2006, ibara ya 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja na haushikwi pamoja na mwingine. Kwa maandishi hayo, beki mwenye pasipoti ya Ureno si wetu, wala hawangekuwa wetu nusu ya Chui wa timu ya taifa tunaowashangilia. Sheria imelala na mpira unachezwa, na pengine ni heri. Ila sisi wa Kivu tunajua zaidi ya wengine swali la nani ni Mkongomani wa kweli linavyoanza na linavyoishia. Mtu anayetaka kugawa Ukongomani kwa damu ndani ya eneo la penalti ajiulize kama atakubali kipimo hichohicho kitumike nje ya uwanja, Masisi au Rutshuru.

Na uzoefu wenyewe unaikataa hoja hiyo. Tarehe 7 Februari 2024, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Afrika dhidi ya Côte d'Ivoire, wachezaji wa Kongo waliziba midomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili kwenye panja kama bastola, ili dunia itazame mauaji ya mashariki. Nahodha wao alikuwa Mbemba wa Kinshasa, na kando yake walisimama vijana waliozaliwa Ufaransa. Axel Tuanzebe, beki aliyezaliwa Bunia, akapelekwa Uingereza angali mtoto na kuzichezea timu za vijana za nchi hiyo, amekuja kuichezea Kongo akiwa mtu mzima. Aaron Wan-Bissaka wa Croydon vilevile. Kama kuondoka kwa mtoto kungekuwa wizi, hawa wangekuwa mali iliyojirudisha yenyewe. Naona ni rahisi zaidi kusema kwamba kuna mlango ambao kanuni za FIFA huufungua na kuufunga, na kwamba Bosingwa, aliyekwisha kuichezea Ureno mechi za mashindano ya wakubwa, alikuwa upande wa pili ulipofungwa.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni vita, na hili sitalipita haraka. Karatasi za Goma zina maadui wengi. Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji na kuliangamiza hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Mei 2021 ikashuka tena. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji, uwanja wa ndege ukafungwa, na familia zilizokuwa kambini zikatawanyika kwa mara nyingine. Kumwambia kocha wa Ndosho atunze faili katika hali hiyo kunasikika kama dhihaka. Lakini usajili wa mchezaji leo haukai kwenye sanduku la bati. FIFA inalitaka kila shirikisho liwe na mfumo wa kielektroniki, na tangu Novemba 2022 malipo ya mshikamano na fidia ya mafunzo yanaelekezwa kwenye ofisi yake ya malipo mjini Paris, kwa kufuata pasipoti ya mchezaji inayojengwa kutokana na kile mashirikisho yalichokwisha kuandika. Jina likiingia kwenye mfumo huo, lava hailifikii. Lisipoingia, hata amani haitalileta.

Ugumu unaobaki ni wa aina nyingine, na mfano wa Brazili au Ureno hautusaidii kuutatua. Ili mtoto wa miaka 12 asajiliwe, anahitaji hati ya kuzaliwa. Hati inayotolewa Goma leo inatoka katika ofisi zinazoendeshwa na utawala ambao Kinshasa haiutambui, na shirikisho linalopaswa kuipokea liko Kinshasa. Ripoti ya shule inaweza kuthibitisha umri mbele ya hakimu mwenye huruma, lakini haiwezi kuthibitisha kwamba klabu fulani ilimlea mchezaji kuanzia msimu fulani. Napendekeza Lifnoki na shirikisho hilo, FECOFA, wakubaliane juu ya usajili wa muda wa watoto wa Kivu, kwa picha na tarehe iliyotajwa na wazazi mbele ya mashahidi wawili, uhakikiwe baadaye, na misimu ihesabiwe tangu siku ya kuandikwa. Mwanasheria atapinga kwamba huo ni mlango wa tarehe tatu kufunguliwa upya. Inawezekana. Ila tarehe iliyoandikwa mtoto akiwa na miaka 12, wakati hakuna anayejua kama atakuwa beki wa Porto au mwendesha pikipiki, ina sababu chache za kudanganya kuliko ile inayotafutwa siku wakala anapopiga simu.